Kabichi haikutengenezwa maabara: ukweli kuhusu ukoo wa haradali

Kila baada ya miezi michache jumbe zilezile hurudi kwenye makundi ya simu, zikiwa zimebadilishwa maneno kidogo tu. Mmoja unasema brokoli si mmea wa asili, eti ilitengenezwa maabara. Mwingine unasema juisi ya kabichi mbichi inaponya vidonda vya tumbo kwa siku chache. Wa tatu unaonya kwamba kabichi inaleta rovu. Wa nne unaahidi kwamba brokoli inaua saratani. Mtu akizipokea zote nne katika wiki moja, si ajabu akabaki ameduwaa: mboga hizi tuzile au tuziogope?

Nimezifuatilia jumbe hizi kwa muda, na kilichonigusa ni kwamba hakuna hata mmoja uliotungwa kutoka hewani. Kila mmoja umeokota kipande cha utafiti wa kweli, kisha ukaacha nyuma sehemu iliyokuwa inakipa maana. Ndiyo maana kukanusha peke yake hakutoshi. Inabidi tuvirudishe vipande hivyo mahali pake.

Tuanze na maneno. Spishi ni kundi la viumbe wanaoweza kuzaana na kupata watoto ambao nao watazaa. Familia, kwa lugha ya wanabiolojia, ni ukoo mpana wa spishi nyingi zilizotokana na babu mmoja wa zamani sana. Familia tunayoizungumzia inaitwa Brassicaceae, na ina spishi karibu 4,000. Ndani yake mna kabichi, haradali, figili, chainizi, sukuma wiki, kanola inayokamuliwa mafuta, na magugu chungu nzima ambayo watu huyakanyaga bila kuyaangalia. Alama ya ukoo huu ni ua: petali nne zilizokaa mkao wa msalaba. Ndiyo maana jina lake la zamani lilikuwa Cruciferae, yaani wabeba msalaba. Ukikuta kabichi au haradali imeachwa shambani mpaka ikachanua, hesabu petali zake. Zitakuwa nne.

Kitambaa kimoja, mishono mingi

Kabichi, sukuma wiki, brokoli, koliflawa, kolirabi na zile kabichi ndogondogo za Brussels zote ni spishi moja, Brassica oleracea. Fikiria kitambaa kimoja kilichopelekwa kwa mafundi sita: mmoja akashona kanzu, mwingine shati, mwingine koti. Mishono haifanani, lakini uzi ni uleule.

Ushahidi unaweza kuuona kwa kisu. Chukua kabichi uipasue katikati, kutoka juu mpaka kwenye kikonyo. Utaona shina nene jeupe limepanda ndani, na majani yamelaliana kulizunguka. Sasa tazama kwa karibu pale jani linapoungana na shina, kwenye kwapa la jani. Kuna kichipukizi kidogo cheupe, wakati mwingine hakizidi punje ya mchele. Kabichi nzima ni chipukizi la kilele ambalo halikufunguka, na ndani yake limebeba vichipukizi vingine vinavyosubiri. Wakulima waliopenda vile vya kwapani wakavikuza mpaka vikawa kabichi za Brussels. Waliopenda shina wakalivimbisha, ikatoka kolirabi. Walioachia majani yakae wazi wakapata sukuma wiki. Brokoli nayo ni vikonyo vya maua yaliyokatwa kabla hayajachanua. Ukichelewa kuivuna, inafunguka kuwa shada la maua ya njano.

Kazi hiyo haikufanywa na wenye makoti meupe. Ilifanywa na wakulima wa nchi za Mediterania na Ulaya kwa muda wa karne nyingi sana, msimu baada ya msimu, kwa kuacha mbegu za mmea uliowapendeza na kula mingine. Brokoli imetengenezwa na binadamu kwa maana hiyo tu, na kwa maana hiyohiyo hata mahindi na ng'ombe wa maziwa wametengenezwa na binadamu. Kuchagua mbegu si sawa na kuhamisha jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, kwa vifaa vya maabara. Mbinu za maabara zimewahi kutumika katika ukoo huu, tena zinajulikana: kuna kanola iliyobadilishwa jeni, inayolimwa tangu miaka ya 1990. Lakini brokoli ilikuwa ikiliwa mamia ya miaka kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa jeni.

Koliflawa ndiyo iliyowasumbua wanasayansi zaidi. Lile umbo lake la vichwa juu ya vichwa, kila kidogo kikifanana na kikubwa, linatoka wapi? Mwaka 2021 watafiti waliokuwa wakiongozwa kutoka Ufaransa walichapisha jibu. Kila kichipukizi cha koliflawa hupokea amri ya kuwa ua, huanza safari, kisha hushindwa kufika. Kinageuka kuwa kishina, na kishina hicho kinatoa vichipukizi vingine, ambavyo navyo vinajaribu na kushindwa. Kinacholiwa ni maelfu ya maua yaliyoishia njiani.

Mambo kama hayo yasingejulikana bila gugu moja dogo, Arabidopsis thaliana. Hakuna anayelipanda kwa ajili ya chakula. Lina kimo cha shubiri moja hivi, na kutoka mbegu hadi mbegu huchukua kama wiki sita. Watu huuliza kwa nini fedha za utafiti zitumike kwenye gugu badala ya kabichi yenyewe. Jibu liko kwenye ukubwa. Maandishi yote ya jeni ya kiumbe huitwa jenomu. Ya gugu hili ina herufi takribani milioni 135, wakati ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Ni kijitabu ukilinganisha na maktaba, na Desemba 2000 likawa mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake. Chainizi iliposomwa mwaka 2011, ilionekana kwamba jenomu ya babu yake iliongezeka ikawa nakala tatu hapo zamani, kwa hiyo jeni inayojulikana kwenye gugu mara nyingi hupatikana kwa ndugu zake wa mezani ikiwa na nakala mbili au tatu. Hata suala la koliflawa lilianzia hapo: ukiharibu jeni mbili maalumu za Arabidopsis, gugu lenyewe linaota vikoliflawa vidogo vya kuonea kwa lenzi. Na mwaka 2022 lilikuwa mmea wa kwanza kuoteshwa kwenye udongo ulioletwa kutoka mwezini, kila mche ukipewa gramu moja hivi. Mbegu ziliota. Miche ikadumaa, lakini iliota.

Aliyejaribu kweli kutengeneza mboga mpya

Kama kuna mtu ambaye ujumbe wa maabara ungemstahili, ni Georgii Karpechenko wa Urusi ya Kisovieti. Katika miaka ya 1920 alichavusha figili kwa kabichi. Fikiria mmea wenye mzizi wa figili chini na kichwa cha kabichi juu, shamba moja likatoa mavuno mawili! Machotara wake waliota vizuri, lakini karibu wote walikuwa tasa.

Sababu ni rahisi kuielewa ukifikiria viatu. Jeni zimefungwa kwenye nyuzi zinazoitwa kromosomu, na kabla ya kutoa mbegu kila kromosomu lazima ipangwe na mwenzake, kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Figili ina kromosomu 18 na kabichi 18. Chotara alipata 9 kutoka kila upande, na zile 9 za figili hazikuwa pacha wa zile 9 za kabichi. Ni ugumba uleule wa nyumbu, aliyezaliwa na punda na farasi. Ila mimea ina mlango ambao wanyama wengi hawana. Mara chache sana kromosomu zote hujirudufu kwa bahati, kila kiatu kikapata mwenzake, na mmea ukazaa. Karpechenko alipata mimea ya namna hiyo yenye kromosomu 36. Haikuwa na mzizi mnono wala kichwa cha kabichi, kwa hiyo jikoni haikufaa kitu. Kwa sayansi ilikuwa hazina, kwani alikuwa ameonyesha spishi mpya inavyoweza kuzaliwa mbele ya macho ya mtu. Serikali ya Stalin ilimkamata na kumuua mwaka 1941.

Mwaka 1935, Woo Jang-choon, mwanasayansi mzaliwa wa Japani mwenye baba Mkorea, alionyesha kwamba asili ilikuwa imeshafanya jambo hilohilo, tena mara tatu. Hesabu zake hata mtoto wa shule anaweza kuzifuata. Chainizi ina kromosomu 20, haradali nyeusi 16, kabichi 18. Chainizi na haradali nyeusi zilipokutana ikatoka haradali ya kahawia yenye 36. Chainizi na kabichi zikazaa kanola, 38. Haradali nyeusi na kabichi zikazaa haradali ya Ethiopia, 34. Hakukuwa na maabara. Palikuwa na nyuki, upepo na muda.

Baruti chumba hiki, kiberiti chumba kile

Sasa tuje kwenye ukali, kwa sababu hapa ndipo jumbe zote tatu zilizobaki zinapokutana.

Weka mbegu moja nzima ya haradali juu ya ulimi. Hakuna kinachotokea. Itafune, usubiri sekunde chache. Ukali unapanda, unapita kooni, unaingia puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Ukali huo haukuwepo kabla hujatafuna. Umetengenezwa mdomoni mwako.

Mimea ya ukoo huu hutunza kemikali zenye salfa ziitwazo glukosinoleti. Zinajulikana aina zaidi ya 100. Zikiwa peke yake ni pole. Pembeni, katika seli nyingine, mmea umeweka kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kemikali moja kugeuka nyingine. Ni kama nyumba yenye baruti chumba kimoja na kiberiti chumba cha pili: kuta zikiwa nzima, amani imetawala. Jino la mdudu, kisu au meno yako yakivunja ukuta, viwili hivyo vinakutana na papo hapo kunatoka kemikali kali ziitwazo isothaiosianeti. Ndiyo harufu ya kabichi iliyokatwa, ndiyo ukali wa figili, na ndiyo sababu unga mkavu wa haradali hauna makali mpaka uukoroge na maji. Mwaka 2023 kampuni moja ya Marekani iliingiza sokoni majani ya haradali yasiyo na ukali. Walichofanya ni kuzima jeni za mirosinasi. Baruti ilibaki, wakaondoa kiberiti.

Silaha hiyo haikuwekwa kwa ajili yetu. Iliwekwa kwa ajili ya wadudu, na vita hivyo vina mamilioni ya miaka. Kiwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi ana protini tumboni inayogeuza njia ya mmenyuko, kikatoka kitu kisichomdhuru. Mama yake naye hutumia kemikali hizohizo kutambua jani linalofaa kutagia mayai. Nondo wa kabichi anaye kimeng'enya cha kuiharibu baruti kabla kiberiti hakijaifikia. Nondo huyuhuyu ndiye aliyekuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuizoea dawa ya kuua wadudu ya DDT, kisiwani Java mwaka 1953. Lakini kidukari wa kabichi ndiye anayenistaajabisha kuliko wote. Hunyonya glukosinoleti za mmea na kuzihifadhi mwilini, halafu hujitengenezea mirosinasi yake mwenyewe na kuiweka mahali tofauti. Mdudu anayewinda vidukari akimbana, kidukari analipuka kwa ukali uleule wa kabichi. Amejifunga silaha ya adui yake.

Nimekaa sana hapo kwa sababu swali la "ni dawa au ni sumu?" linabadilika ukishaona hayo. Kitu kilekile ni sumu kwa mdudu mmoja, ni harufu ya nyumbani kwa mwingine, na ni ngao kwa wa tatu. Inategemea nani anakula, na kiasi gani.

Hata kati yetu wanadamu hatuonji sawa. Jeni iitwayo TAS2R38, iliyotambuliwa mwaka 2003, huwafanya baadhi ya watu wausikie uchungu wa kemikali za namna hii kwa nguvu, na wengine wasiusikie kabisa. Mtoto anayekunja uso mbele ya brokoli huenda anaonja kitu ambacho baba yake hakionji.

Rovu, vidonda na saratani

Habari ya rovu ilianza mwaka 1928. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walikuwa wakifuga sungura kwa kazi nyingine na kuwalisha zaidi kabichi. Sungura wakavimba tezi za shingo. Baadaye sababu ilijulikana: baadhi ya mabaki ya glukosinoleti huizuia tezi ya thairoidi isichukue madini ya iodini, na mengine huizuia isitengeneze homoni zake. Kwa hiyo onyo lina msingi. Kilichoachwa ni kipimo. Sungura wale waliishi kwa kabichi.

Kwa binadamu, kisa kinachotajwa sana kiliripotiwa na madaktari mwaka 2010. Mwanamke wa miaka 88 alifikishwa hospitali akiwa mahututi kwa sababu tezi yake ilikuwa imesimama kazi. Alikuwa akila kilo 1 hadi 1.5 za chainizi mbichi kila siku kwa miezi kadhaa, akiamini zitamsaidia kisukari. Hicho si chakula cha kawaida, na tena alikuwa anakula mbichi. Moto huua sehemu kubwa ya mirosinasi. Mtu anayepata iodini ya kutosha, kwa mfano kwenye chumvi yenye madini hayo, hana sababu ya kuogopa sahani ya kabichi iliyopikwa. Mwenye ugonjwa wa thairoidi amuulize daktari wake kuhusu kiasi, hasa cha mbichi na juisi.

Juisi inatuleta kwenye vidonda vya tumbo. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa Marekani aliripoti kwamba wagonjwa 13 aliowapa juisi ya kabichi mbichi, karibu lita moja kwa siku, walipona haraka. Akasema kuna "vitamini U". Vitamini ya jina hilo haipo kwenye orodha ya vitamini zinazotambuliwa. Zaidi ya hapo, wakati ule hakuna aliyejua vidonda vinasababishwa na nini. Bakteria Helicobacter pylori ilitambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo tunajua vidonda vingi hutokana na bakteria huyo au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Pia tunajua kidonda huweza kufunga chenyewe kwa muda kisha kikarudi, kwa hiyo wagonjwa 13 hawatoshi kuthibitisha lolote. Kinachoniumiza ni mtu anayekunywa juisi kwa miezi huku bakteria akiendelea kula ukuta wa tumbo, wakati kipimo kipo na antibiotiki za kumuondoa zipo. Kidonda kinachotoka damu hakisubiri.

Ahadi ya saratani nayo ina mizizi. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake walitenga kutoka kwenye brokoli kemikali iitwayo sulforafeni, moja ya zile isothaiosianeti. Waligundua kwamba inaziamsha seli zitengeneze kwa wingi vimeng'enya vyake vya kusafisha sumu. Mwaka 1997 wakaonyesha kwamba chipukizi za brokoli za siku tatu zina malighafi ya sulforafeni mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Hayo ni ya kweli na yanasisimua.

Lakini utafiti wa dawa hupanda ngazi. Kidato cha kwanza ni seli kwenye kisahani cha kioo, cha pili ni panya, kisha watu wachache, kisha watu wengi kwa miaka mingi. Vitu vingi vinavyoua seli za saratani kwenye kisahani huanguka njiani. Hata sabuni huziua hapo. Brokoli imefika katikati ya ngazi. Huko Qidong, China, watu 291 wanaoishi kwenye hewa chafu walipewa kinywaji cha chipukizi za brokoli au kinywaji kisicho nazo, kwa wiki 12. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokunywa ya brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini, sumu inayojulikana kusababisha saratani, kwa asilimia 61 zaidi. Mwili uliitoa sumu haraka. Hayo hayasemi kwamba saratani ilizuiwa, na hayamhusu kabisa mtu ambaye tayari ana uvimbe. Anayemwambia mgonjwa aache matibabu anywe brokoli anaruka vidato ambavyo bado havijajengwa, na anayeanguka ni mgonjwa.

Kuna tahadhari moja ambayo jumbe za simu huwa hazina, nayo ina uzito kuliko ya rovu. Mboga za majani za ukoo huu zina vitamini K nyingi, na vitamini K husaidia damu kuganda. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiache mboga hizi ghafla wala asizizidishe ghafla. Ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na daktari ajue.

Kwa anayetaka kunufaika na sulforafeni bila kula mbichi, utafiti umetoa njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kukata brokoli au kabichi kisha kuiacha kwa nusu saa hivi kabla ya kuitia motoni, ili mirosinasi ifanye kazi yake ikiwa bado hai. Ya pili ni kunyunyiza unga kidogo wa haradali juu ya mboga iliyokwisha kuiva. Jaribio la mwaka 2018 lilionyesha kwamba waliokula brokoli ya hivyo waliipata sulforafeni mwilini zaidi ya mara nne kuliko waliokula iliyopikwa bila haradali. Mirosinasi ya brokoli ilishakufa kwenye chungu, lakini ya haradali, iliyoingia moto ukiwa umeshazimwa, inaitambua baruti ya ndugu yake.